Nauli ya Mlango: Historia Fupi ya Madaraja ya Mizigo ya Mbao za Ujenzi



Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wenzetu wameeleza habari za miche, za mashamba na za hisa. Sisi wa ofisi ya Katibu tumeombwa tueleze habari za nauli. Neno hilo si tamu masikioni mwa mkulima, walakini hakuna neno lililougusa mfuko wake kwa siri kama hilo.

Wengi mwakumbuka mkutano mkuu wa mwaka wetu wa tatu. Mzee mmoja, mpanda misindano, alisimama akasema: "Ndugu Katibu, mlikata miti yangu, mkapasua mbao, mkaunda fremu na milango, mkauza mjini kwa bei ambayo sote tuliisikia na kuifurahia. Iweje basi malipo yangu yawe sawa na ya jirani yangu aliyeuza magogo yake shambani?" Siku ile hatukuwa na jibu. Tulipofungua majalada tuliona kwamba shehena yetu ya kwanza ilikuwa ya fremu zilizokwisha kupigiliwa misumari. Lori lilijaa pomoni, hali uzito wa mzigo haukufika nusu ya uwezo wake. Tena katika hati ya mzigo karani wa mchukuzi aliandika neno "samani", nasi tukatia sahihi bila kusoma. Kwa mchukuzi yule, samani zililipiwa zaidi ya mbao. Faida yote ya useremala ilibaki barabarani.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tulijifunza kwamba hata penye daftari mali hupotea, ikiwa jina lililoandikwa humo si jina lake. Tangu siku ile tulianza kuuliza: ni nani aliyegawa mizigo katika madaraja, na kwa sababu gani mbao iwe na nauli yake na mlango uwe na nauli nyingine, ingawa vyote viwili ni mti ule ule? Haya ndiyo tuliyoyapata.

KORJA NA JAHAZI

Tuanze nyumbani. Kabla ya reli na lori, pwani yetu tangu Lamu hadi delta ya Rufiji ilipeleka miti ya mikoko Arabuni na Ghuba kwa muda wa karne nyingi. Nchi zile zina miti michache ya kujengea, na nyumba zao nyingi ziliezekwa kwa boriti zetu. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, yaani mita 3 hivi au pungufu, na kipimo hicho chaonekana hata leo katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja. Majahazi yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alikuwamo katika bumu la Kuwait lililoingia Rufiji kupakia shehena ya namna hiyo. Biashara hii ilififia baadaye. Kenya ilipiga marufuku kupeleka miti hiyo nje mwaka 1982.

Jambo la kutazama ni jinsi mzigo ule ulivyohesabiwa. Haukupimwa kwa mizani. Ulihesabiwa kwa korja, yaani miti 20, na kuchambuliwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kila jina lilikuwa na unene wake, bei yake na mahali pake katika jahazi. Basi wazee wetu walikuwa na madaraja ya mizigo kabla hajaja karani yeyote na kitabu cha nauli. Tena madaraja yao yalikuwa wazi, kwa maana mkataji, mnunuzi na nahodha wote waliutazama mti mmoja na kuuita kwa jina moja.

Ulaya nako mbao zilihesabiwa vivyo hivyo. Meli zilizochukua mbao kutoka nchi za Baltiki kwenda Uingereza zilitumia kipimo kilichoitwa kwa jina la mji wa St Petersburg: mbao 120, kila moja ya urefu wa futi 12, upana wa inchi 11 na unene wa inchi 1 na nusu, jumla futi za ujazo 165. Nauli ilitajwa kwa kipimo hicho. Mizigo mingine ya meli ilifuata kanuni ya tani ya ujazo, iliyokuwa futi za ujazo 40. Mzigo ukiwa mzito ulilipa kwa uzito, ukiwa mkubwa na mwepesi ulilipa kwa nafasi, na mwenye meli alichagua hesabu iliyompa zaidi. Kanuni hiyo ingaliko baharini, ila siku hizi hulinganishwa tani moja ya kilo 1,000 na mita moja ya ujazo.

Mkulima aweza kuikumbuka kanuni hii kwa njia nyepesi: mti unaoelea majini hulipa kwa nafasi, mti unaozama hulipa kwa uzito. Mpingo huzama. Misindano yetu huelea. Mita moja ya ujazo wa mbao zake kavu ina uzito wa kilo 500 hivi. Kwa hiyo kwa bahari, hata mbao zilizopangwa bila mwanya hutozwa kwa nafasi. Mlango nao hutozwa hivyo, na fremu iliyoundwa, ambayo katikati yake mna hewa tupu, hutozwa hata hewa yake.

MAKAA YA MAWE NA HARIRI

Reli ndizo zilizoleta madaraja yaliyoandikwa vitabuni. Katika Uingereza kampuni za reli zilikuwa nyingi, na mzigo mmoja ulipita katika njia za kampuni mbili au tatu kabla ya kufika. Mwaka 1842 ilianzishwa ofisi ya kusuluhisha hesabu baina yao. Ofisi hiyo haikuweza kugawanya malipo bila kampuni zote kukubaliana mzigo fulani uitwe nini, na ndipo ulipotoka mpangilio mmoja wa mizigo. Kufika miaka ya 1890 madaraja yalikuwa 8: A, B na C kwa mizigo ya jumla na ya bei ndogo, kisha 1 hadi 5 kwa bidhaa. Sheria ya mwaka 1921 ilileta madaraja 21, yaliyoanza kutumika mwaka 1928.

Kanuni iliyokuwa chini ya madaraja hayo yafaa ieleweke na kila mwanachama. Reli haikuuliza tu, "Mzigo huu watugharimu nini kuuchukua?" Iliuliza pia, "Mzigo huu waweza kuvumilia nauli gani?" Tani ya makaa ya mawe haiwezi kuvumilia nauli kubwa, ikitozwa sana haitasafiri kabisa. Tani ya hariri hutozwa mara nyingi zaidi, na mwenyewe hatasita, maana nauli ni sehemu ndogo ya bei yake. Kwa hiyo kadiri kitu kilivyozidi kufanyiwa kazi na kupanda thamani, ndivyo daraja lake lilivyopanda. Gogo lilikaa chini, mbao iliyopasuliwa juu kidogo, iliyopigwa randa juu zaidi, na mlango juu ya zote.

Hapo ndipo mkulima anapoguswa. Kila hatua ya kazi aliyoiongeza katika mti wake, mchukuzi naye aliiona, akainyoshea mkono.

WAKULIMA WA MAREKANI

Miongoni mwa watu waliolipigania jambo hili kwa umoja mkubwa walikuwamo wakulima kama sisi. Mwaka 1867 wakulima wa Marekani walianzisha chama chao kiitwacho Grange. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha, reli zilikuwa zimeenea katika nchi tambarare za ngano na mahindi, na mkulima alikuwa na reli moja tu karibu naye. Nauli zilikuwa siri. Mkubwa alirudishiwa sehemu ya nauli kwa mlango wa nyuma, na mdogo alilipa yote. Mara nyingine safari fupi iligharimu zaidi ya safari ndefu katika njia ile ile, kwa sababu kwenye safari ndefu palikuwa na reli nyingine ya kushindana, na kwenye fupi hapakuwa nayo.

Katika miaka ya 1870 majimbo ya Illinois, Iowa, Wisconsin na Minnesota, yakisukumwa na wakulima hao, yalitunga sheria za kuweka mipaka ya nauli. Mwaka 1877 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba jimbo laweza kuweka mipaka ya malipo ya biashara inayogusa manufaa ya umma. Lakini mwaka 1886 mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba jimbo halina mamlaka juu ya nauli ya safari inayovuka mipaka yake. Basi mwaka 1887 Bunge la nchi nzima lilitunga sheria, na ikaundwa Tume ya Biashara baina ya Majimbo. Sheria iliagiza nauli ziwe za haki, zitangazwe hadharani, na upendeleo ukome.

Nauli zikisha kutangazwa, mizigo nayo haina budi kuwa na majina yanayojulikana. Mwaka ule ule wa 1887 reli za mashariki zilikubaliana kuwa na kitabu kimoja cha madaraja, na reli za kusini na za magharibi zikawa na vitabu vyao. Ilichukua miaka 65, hadi 1952, kabla reli za Marekani hazijapata kitabu kimoja cha nchi nzima. Twalitaja hilo ili mwanachama asidhani kwamba kugawa mizigo ni kazi ya mchana mmoja. Kila neno katika vitabu vile lilikuwa na mtu aliyelitaka na mtu aliyelipinga.

MIJI YA MILANGO

Katika mizigo iliyobishaniwa, vifaa vya mbao vya ujenzi vilikuwa na mahali pake. Nchi tambarare za Marekani hazina misitu, na walowezi waliohamia huko walihitaji nyumba. Magogo ya misindano myeupe yalitoka kaskazini, Wisconsin na Minnesota, yakielea mitoni. Penye mto na reli pakasimama miji iliyoishi kwa milango na madirisha: Oshkosh katika Wisconsin, Clinton na Dubuque katika Iowa. Maelfu ya watu walifanya kazi katika viwanda hivyo, na haikuwa raha tupu. Mwaka 1898 wafanyakazi wa viwanda vya mbao vya Oshkosh waligoma kwa wiki nyingi wakidai ujira bora.

Je, kwa nini viwanda vilikaa pale, wala si penye msitu wala penye mnunuzi? Mto ulileta gogo kwa bei ndogo, na reli ikalipeleka mbele likiwa limekwisha kuwa mlango. Lakini kila mji ulitegemea jambo moja: tofauti kati ya nauli ya mbao na nauli ya mlango. Tofauti hiyo ikiwa ndogo, kiwanda kilichoko karibu na msitu chaweza kuuza milango mbali. Ikiwa kubwa, ni afadhali kupeleka mbao na kuunda mlango mahali utakapotumika, na kiwanda cha msituni hufungwa. Katika vitabu vya nauli vya reli palikuwa na fungu lililoitwa "mbao na vitu vinavyotozwa nauli ya mbao". Kuingia katika fungu hilo kulikuwa riziki, na kutolewa kulikuwa hasara. Ndiyo sababu hoja zilifika mbele ya Tume mara kwa mara, na mwaka 1919 Tume ilitoa uamuzi mrefu juu ya nauli na madaraja ya mbao na vitu vya mbao.

Wenye viwanda nao walijifunza kuusoma mzigo wao. Reli ilitoza kwa kila ratili 100. Kwa hiyo viwanda vya pwani ya Pasifiki vilivyouza kwa reli vilikausha mbao kwanza, maana kila ratili ya maji iliyomo katika ubao ililipiwa nauli kama ubao wenyewe. Jirani zao waliouza kwa meli walipakia mbao mbichi mara nyingi, kwa sababu meli haikutoza kwa uzito. Msitu mmoja, miti ya aina moja, na kazi mbili tofauti, kwa ajili ya namna nauli ilivyohesabiwa.

Kadhalika vitabu vya madaraja vilitofautisha dirisha lenye kioo na lisilo na kioo, kwa sababu kioo huvunjika na mchukuzi hudaiwa. Vikatofautisha kitu kilichoundwa na kitu kilichofumuliwa. Kanuni hii ya mwisho imo hata leo katika kitabu cha madaraja cha malori ya Marekani: ili kitu kihesabiwe kuwa kimefumuliwa, sharti nafasi yake ipungue kwa theluthi moja au zaidi, na ili kihesabiwe kuwa kimefumuliwa na kulazwa bapa, sharti ipungue kwa theluthi mbili au zaidi.

Biashara moja iliyoitumia akili hiyo kwa upana mkubwa ilikuwa ya Sears, Roebuck ya Chicago. Tangu 1908 hadi 1940 iliuza nyumba nzima kwa katalogi. Mnunuzi aliletewa kwa reli mbao, milango, madirisha na misumari, na katika miaka ya baadaye mbao zilikuja zimekwisha kukatwa kwa vipimo na kutiwa alama. Nyumba ilisafiri ikiwa imelala, ikasimama kwa mwenyewe.

RELI ZETU

Turudi Afrika Mashariki. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika ziwa Viktoria mwaka 1901. Reli ya Kati iliondoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Vitabu vya nauli vilikuja pamoja na chuma, na kanuni yao ilikuwa ile ile ya Uingereza: mzigo utozwe kadiri unavyoweza kuvumilia.

Lakini hapa iliongezeka siasa. Katika miaka ya 1920 Reli ya Kenya na Uganda ilitoza nauli ndogo kwa mazao yapelekwayo nje, mahindi ya walowezi yakiwamo, na nauli kubwa kwa bidhaa ziletwazo kutoka ng'ambo. Mwananchi aliyenunua nguo au bati alisaidia, bila kujua, kulipia mahindi ya mwingine. Manung'uniko yalikuwa mengi, na mwaka 1932 Roger Gibb alitoa taarifa ya uchunguzi wake juu ya nauli na fedha za reli za Kenya, Uganda na Tanganyika. Reli zote ziliunganishwa mwaka 1948 zikawa Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na reli yake.

Fundisho la habari hizo ni kwamba daraja la mzigo halikuwa hesabu tupu hata siku moja. Ndani yake mna shauri la nani asaidiwe na nani alipe. Asiyekuwapo mezani shauri hilo likitolewa, hulipa.

Twaongeza jambo moja la mikono na mabega. Reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu 1970 hadi 1975, ina upana wa milimita 1,067 baina ya chuma na chuma. Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000. Behewa la moja haliwezi kupita kwa nyingine kama lilivyo, hivyo mzigo hushushwa na kupakiwa tena, kama ifanyikavyo Kidatu. Gunia la mahindi huvumilia kushushwa. Pembe ya mlango haivumilii.

MALORI NA MAKONTENA

Malori yalipoongezeka Marekani, sheria ya mwaka 1935 iliyaweka chini ya Tume ile ile, nayo yakapata kitabu chao cha madaraja. Kitabu hicho kina madaraja 18, la chini likiitwa 50 na la juu 500, na mzigo hutazamwa kwa mambo manne: uzito wake ukilinganishwa na nafasi yake, wepesi wa kuupanga na mizigo mingine, ugumu wa kuushika, na hatari ya kuharibika au kuibwa. Mwaka 1980 sheria zililegezwa ili wachukuzi washindane zaidi kwa bei, na mwishoni mwa 1995 Tume yenyewe ilivunjwa, baada ya miaka 108. Kitabu cha madaraja hakikufa. Mwaka 2025 kilirekebishwa, mizigo mingi ikapangwa kwa uzito na nafasi yake badala ya jina lake.

Baharini mageuzi yalikuja na kontena. Mwezi Aprili 1956 meli ya Malcom McLean, Ideal X, iliondoka bandari ya Newark kwenda Houston ikiwa na makasha ya chuma 58. Tangu hapo mwenye mzigo aweza kukodi kontena zima kwa bei moja, akijaza mbao au akijaza hewa ni shauri lake.

Twaona basi kwamba dunia imekuwa ikienda polepole kutoka swali la "kitu hiki chaitwaje na kina thamani gani" kuelekea swali la "kinachukua nafasi gani". Kwa mkulima mwenye karakana hii ni habari njema, maana jina la kitu huamuliwa na karani, bali nafasi yake huamuliwa na seremala.

HESABU YA FREMU MOJA

Tuchukue fremu ya mlango mmoja, ya kimo cha mita 2.1 na upana wa mita 0.9, iliyoundwa kwa mbao za upana wa sentimita 10 na unene wa sentimita 5. Ina miimo miwili na kizingiti cha juu, jumla mita 5.1 za mbao. Mbao hizo zote pamoja ni mita za ujazo 0.0255 tu, na uzito wake, zikiwa kavu, ni kilo 13 hivi. Lakini fremu hiyo ikisimamishwa hujaza nafasi ya mita za ujazo 0.189. Hiyo ni zaidi ya mara 7 ya mbao zake.

Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo 33 hivi. Kwa hesabu ya karatasi, laweza kuchukua fremu 174 zilizoundwa, au fremu zaidi ya 1,200 zilizofumuliwa na kufungwa bapa. Karakana haifiki hesabu ya karatasi, kwa kuwa kamba na mianya hula nafasi, lakini hata nusu yake ni zaidi ya mara tatu ya mzigo wa kwanza.

Tukitumia ngazi ya Marekani ya mwaka 2025 kwa mfano tu, fremu iliyosimama ina uzito wa ratili 4 na kidogo kwa kila futi ya ujazo, nayo ingeingia daraja la 175. Mbao zake zikilazwa bila mianya zina ratili 31, nazo zingeingia daraja la 60. Mti ni ule ule, msumeno ni ule ule, na mkulima ni yule yule.

TULIYOJIFUNZA

Tulipoifanya hesabu hii mara ya kwanza mbele ya Halmashauri, mjumbe mmoja alisema kwamba tumekuwa tukiwauzia watu wa mjini upepo wa milimani. Tukabadili desturi. Fremu zetu sasa hukatwa na kutobolewa huku kwetu, zikasafiri bapa, na kuungwa mjini na fundi wa Chama. Madirisha husafiri bila vioo. Mbao hukauka kwanza chini ya paa, ingawa wanachama wengine walinung'unika kwa kungoja. Vyama vya msingi hungojana mpaka lori lijae, badala ya kila kimoja kukodi lake. Na katika hati ya mzigo huandikwa "mbao za fremu, zimefumuliwa", pamoja na idadi, vipimo na uzito, wala Katibu hatii sahihi mpaka asome.

Hatukufaulu siku ya kwanza. Shehena ya kwanza ya fremu bapa hatukuitia namba, na mafundi mjini walishinda siku nzima wakitafuta kila kizingiti na miimo yake. Kosa lilikuwa letu. Siku hizi kila kipande kina namba yake, kwa rangi, upande usioonekana.

Limebaki shauri moja kubwa, nalo litaletwa mbele ya mkutano mkuu ujao. Wako wanachama wasemao tuihamishie karakana yote mjini, tupeleke mbao tu, na kazi yote ifanyike huko. Hoja yao ina uzito, na historia tuliyoieleza yaonyesha kwamba viwanda vingi vilihama kwa sababu hiyo hiyo. Sisi twasema hivi: kilichovifukuza viwanda kutoka msituni ilikuwa tofauti ya nauli kati ya mbao na mlango. Fremu ikisafiri bapa, na mlango ukilazwa juu ya mwenziwe, tofauti hiyo hupungua sana. Kazi ya kukata, ya randa na ya tindo yaweza kubaki hapa, pamoja na ujira wake, mikononi mwa vijana wetu waliofundishwa hapa. Mjini twahitaji banda dogo la kuungia, wala hatuhitaji karakana. Uamuzi ni wenu. Ombi letu ni kwamba kabla ya kuinua mikono, kila chama cha msingi kilete hesabu ya nauli yake, shilingi kwa shilingi, tuzisome pamoja.

Mzee yule aliyetuuliza swali katika mwaka wa tatu angali mwanachama, na misindano yake ya awamu ya pili imekwisha kumpita kimo. Tulimpelekea hesabu ya shehena ya mwaka huu kabla ya kijitabu hiki kwenda kupigwa chapa. Aliisoma mstari kwa mstari, akaweka kidole juu ya neno "zimefumuliwa", akauliza maana yake. Tukamweleza. Akasema, "Basi neno hili moja ndilo lililokuwa likila miti yangu." Twaomba kila mwanachama alijue neno hilo, na mengine yote yaliyoandikwa katika hati ya mzigo wake, maana ndiyo bei yake.